Sanduku la Barua: Baiskeli Imekwenda, Nifanyeje?

Mwezi huu sanduku limejaa barua za wizi wa baiskeli. Tumechagua tisa. Mafundi wetu wamejibu ya vyuma, mwenzetu wa dawati la sheria amejibu ya polisi na mahakama, na penginepo tumesaidiana.

Swali: Shikamooni. Jana saa nne asubuhi niliegesha Phoenix yangu nje ya soko, nikaingia kununua vitunguu. Robo saa haikuisha. Nilipotoka sikuikuta. Nilikuwa nimeifunga kwa lile kufuli la nyuma iliyokuja nalo. Nianzie wapi? (Msomaji, Tabora)

Jibu: Marahaba, na pole sana. Tuanze na hilo kufuli, maana ndilo litakalokuonyesha cha kuuliza. Kufuli la duara la gurudumu la nyuma huzuia gurudumu lisizunguke, basi. Halimzuii mtu kuishika baiskeli kwa keria, kuinua nyuma na kuibingirisha kwa gurudumu la mbele. Anayefanya hivyo mchana kweupe hatiliwi shaka, kila amwonaye hudhani kapoteza ufunguo na anaipeleka kwa fundi. Kwa hiyo rudi sokoni leo saa ile ile ya nne, kwa kuwa walioko pale saa hiyo ni wale wale wa kila siku: mama lishe, wabeba mizigo, wauza mitumba. Usiwaulize kama wameiona baiskeli yako. Waulize kama jana walimwona mtu anatembea na baiskeli iliyoinuliwa nyuma, na alishika njia ipi.

Kufuli hilo halina budi kuvunjwa mahali fulani, na si kila mwizi anatembea na msumeno wa chuma. Pita kwa mafundi wa upande alikoelekea, leo hii, na uende kistaarabu. Fundi ukimwingia kwa shari atanyamaza, na hata akikumbuka jambo jioni hatakupigia. Mwachie karatasi yenye simu yako na alama tatu za baiskeli.

Leo hii pia nenda kituoni ukaandikishe, upewe RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Hailipiwi. Usichanganye na ile taarifa ya upotevu inayojazwa mtandaoni. Hiyo ni ya vitu vilivyopotea, kama kitambulisho. Wizi unaripotiwa kituoni. Kosa la wengi ni kusema "baiskeli nyeusi aina ya Phoenix" na kuishia hapo, na baiskeli za namna hiyo mjini hazihesabiki. Taja namba ya fremu kama unayo, halafu vile visivyobadilishwa haraka: bonde kwenye bomba la juu na liko upande gani, keria iliyochomelewa na imechomelewa wapi, spoku zilizobadilishwa. Gurudumu la nyuma la baiskeli hizi kwa kawaida lina spoku 40 na la mbele 32. Kama mwaka jana ulitiwa spoku tatu mpya nyuma, zitakuwa zinang'aa kuliko wenzake, na fundi aliyezitia anaweza kusimama shahidi. Rangi, kiti na madigadi usivitegemee. Hivyo ndivyo vya kwanza kubadilishwa, na kopo moja au mawili ya rangi ya kupuliza yanaenea fremu nzima.

Baada ya hapo baiskeli ya wizi huwa na njia mbili. Ama inasafirishwa nzima hadi kwenye mnada wa mji mwingine, ama inafumuliwa hapo hapo. Ikifumuliwa, magurudumu, friwili, krenki na kiti ndivyo vinavyotoka upesi, na fremu hutupwa au husubiri rangi. Kwa hiyo unapopita kwa wauza spea vya mitumba, usitafute baiskeli, tafuta gurudumu lako. Jiwekee mpaka pia. Minada minne mfululizo inatosha. Ukishaihudhuria yote bila dalili, nauli ya mnada wa tano iweke kwenye akiba ya kununua nyingine.

Swali: Polisi waliniuliza namba ya fremu nikawapa namba iliyo kwenye tairi, wakacheka. Namba yenyewe inakaa wapi? (Msomaji, Iringa)

Jibu: Wasikucheke. Wengi hufanya hivyo. Ile 28 × 1½ ya kwenye tairi ni kipimo, na kila baiskeli ya aina hiyo inayo. Hata 170 unayoiona nyuma ya krenki ni urefu wa krenki kwa milimita. Namba ya fremu imegongwa kwenye chuma chenyewe. Pindua baiskeli isimame juu ya kiti na usukani, utazame chini ya lile bomba fupi nene ambamo ekseli ya pedali inapita. Isipokuwa hapo, iko kwenye kiungo ambacho bomba la kiti linaingilia, au shingoni chini ya usukani, au kwenye kipande bapa kinachoshika ekseli ya nyuma. Karatasi iliyobandikwa si namba, hiyo hubanduka kwa maji.

Hapo chini huwa pamejaa matope yaliyoshikana na grisi. Usiparue kwa kisu wala kusugua kwa msasa, mitaro ya namba ni mifupi na utaimaliza. Lowesha kwa mafuta ya taa, acha dakika kumi, sugua kwa mswaki mkuukuu, kausha. Ikiwa bado haisomeki, paka unga wa chaki au wa sembe halafu ufute juu juu kwa kitambaa kikavu. Unga unabaki ndani ya mitaro na namba inatoka nyeupe. Piga picha mwanga ukiwa umetoka ubavuni, kwani ukimulika kutoka mbele mng'ao unafuta kila kitu. Halafu iandike pia kwa mkono, uangalie sana 0 na O, 1 na I, 8 na B.

Baiskeli isiyo na namba tengenezee alama yako. Vua mpira wa kushikia wa upande mmoja wa usukani, sokomeza ndani karatasi yenye jina na simu iliyozungushiwa nailoni, rudisha mpira. Fanya vivyo hivyo ndani ya bomba la kiti, ila ifunge na kipande cha sponji isije ikateremka hadi kwenye gololi za pedali. Ukitaka kugonga herufi, gonga kwenye viungo vinene tu. Katikati ya bomba chuma hakifiki milimita 2, na fremu ya alumini ukiigonga hapo umeianzishia ufa. Alama moja usimwambie mtu yeyote, hata fundi wako. Barua inayofuata itaonyesha kwa nini.

Swali: Nimeiona! Ilikuwa mnadani Jumamosi, imepakwa rangi ya bluu, kijana ameipakia mahindi. Nilitaka kupiga kelele ya mwizi, mdogo wangu akanizuia. Wiki ijayo kijana huyo atarudi. Nifanye nini? (Msomaji, Kahama)

Jibu: Mshukuru mdogo wako. Mnadani ukitaja neno hilo, dakika tano baadaye hakuna wa kuulizwa alikouziwa, kwa sababu amelala chini. Na huenda aliinunua kwa pesa zake halali za mahindi. Ukimpoteza yeye, umempoteza pia aliyemuuzia.

Fanya hivi. Kabla ya siku ya mnada nenda kituoni na RB yako, mweleze askari faragha ile alama ya siri: mathalani, chini ya mpira wa kulia wa usukani pana karatasi, au ndani ya kiungo cha kiti pana nukta tatu. Iandikwe kwenye maelezo yako. Siku ya mnada mwende pamoja, au mwende na mwenyekiti wa kijiji au mtendaji ikiwa kituo kiko mbali. Penye sungusungu washirikishwe, ila mkamataji asiwe wewe. Baiskeli ikifunguliwa mbele ya wote wawili na alama ikakutwa pale ulipoitaja kabla hujaigusa, ubishi umekwisha. Ukianza wewe kuipindua na kuionyesha huku unaeleza, kijana naye atasema "hata mimi naijua hiyo alama", na mtabaki mnavutana usukani.

Kisheria, aliyeuziwa na mwizi kwa kawaida hapati umiliki, kwani mtu hawezi kuuza asichokuwa nacho. Pesa yake anaidai kwa aliyemuuzia. Wazee watakushauri umrudishie nusu ili yaishe. Hulazimiki. Ukiamua kufanya hivyo kwa hiari, iwe kwa maandishi na polisi wajue, kwa maana faili likishafunguliwa kesi ni ya Jamhuri, haiishi kwa nyinyi wawili kupeana mikono. Kununua huku unajua au una sababu ya kuamini kwamba ni mali ya wizi ni kosa la peke yake, liko kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu. Wizi wenyewe ni kifungu cha 265, na kifungo chake kinaweza kufika miaka saba.

Jiandae kwa jambo moja linalowaudhi wengi. Baiskeli iliyopatikana huwa kidhibiti na inaweza kukaa kituoni hadi kesi isikilizwe. Omba ipigwe picha na ukabidhiwe kwa maandishi uitunze. Ikishindikana, iombwe mahakamani. Ikipokelewa kituoni, orodhesheni kila kilichomo, pampu, kengele, aina ya matairi, mtie sahihi. Na uombe iwekwe kivulini. Tairi lililokaa jua miezi sita halina upepo huanza kupasuka ubavuni.

Swali: Nyumbani wamesema tusome albadiri, aliyeiba atajitokeza mwenyewe. Wengine wananielekeza kwa mganga. Mnasemaje? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Hukumu ya dini waulize masheikh, na utakuta wapo wanaoikataza waziwazi. Sisi tutasema la upande wetu tu. Kinachorudisha vitu katika visa vya namna hii mara nyingi ni tangazo lililotangulia kisomo. Likimfikia aliyeiba, na akiwa jirani, hofu inaanza kazi. Basi litumie tangazo lenyewe: toa siku tatu, taja mahali pa kuiacha usiku bila kuulizwa, kwa mfano ukuta wa nyuma wa ofisi ya serikali ya mtaa, na usimamie neno lako la kutouliza. Mtu haoni njia ya kurudisha bila aibu, ndiyo maana anaitupa kisimani.

Hatari iko kwenye majina. Ukishatangaza kisomo, mtoto wa jirani akiugua homa wiki ijayo watu watamtazama baba yake, nawe hutaweza kuyarudisha maneno. Mganga naye atakwambia aliyechukua ni mtu wa kimo cha kati, si mweupe sana, anakaa upande wa mawio. Mtaa mzima huo. Na ada yake inafika bei ya tairi mbili.

Swali: Nafanya kazi Nyali, baiskeli ya gia. Waya wa kufungia niliouziwa shilingi 500 umekatwa, baiskeli ikaenda. Nimenunua nyingine. Safari hii ninunue kufuli gani? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Waya ule ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosukwa ndani ya plastiki. Unene unaouona mwingi ni plastiki, na koleo la fundi umeme linaukata uzi kwa uzi bila kelele. Utumie kushikilia gurudumu la mbele au kiti, usiutegemee kushika fremu.

Kinachofaa ni ama kufuli la chuma la umbo la U, ama mnyororo wa chuma kigumu. Dukani utaambiwa vyote ni vigumu. Nenda na tupa ndogo, omba uguse pete moja mahali pasipoonekana. Tupa ikiuma na kuacha mkwaruzo unaong'aa, hicho ni chuma laini, hata kiwe kinene kama kidole gumba msumeno utakipita. Tupa ikiteleza kama inapita juu ya kioo, kimeunguzwa kikawa kigumu. Mnyororo mgumu wa milimita 10 unamchelewesha mwenye mkasi mdogo wa kukatia chuma. Kuanzia milimita 13 mikasi mingi ya mkono haiuwezi. Ila huo ni mzito, hivyo uache kazini penye nguzo yako, usiubebe kila siku. Wengi wanakosea hapa: wananunua mnyororo mzuri halafu wanaufunga kwa kufuli la kabati. Mwizi anatazama palipo pembamba, na kwenye seti hiyo ni shingo ya kufuli.

Namna ya kufunga ina uzito kuliko bei. Pitisha kufuli kwenye fremu na gurudumu la nyuma pamoja, kisha kwenye kitu kilichojengewa ardhini. Nguzo ya alama ya barabarani tikisa kwanza na utazame juu. Ikiwa fupi na haina kibao kipana, baiskeli inainuliwa ikiwa imefungwa inatolewa kwa juu. Mti mchanga unakatwa kwa panga. Kufuli lisilale chini, kwani mwizi huegemeza mkono mmoja wa mkasi ardhini na kukanyaga mwingine kwa uzito wa mwili wote. Lipandishe, na nafasi ndani ya U iwe imejaa, isibaki pa kuchomeka nondo. Tundu la ufunguo litazame chini, vumbi na mvua visiingie. Kama gurudumu lako la mbele linafunguka kwa mkono bila spana, badilisha ekseli hiyo uweke ya nati, au ulivue ulifunge pamoja na la nyuma.

Kwa hewa ya chumvi ya huko kwenu, kufuli likianza kugoma usilimwagie mafuta mazito ya injini. Yanashika mchanga na baada ya mwezi ufunguo unakatikia ndani. Saga ncha ya penseli, upulize unga wake tunduni, zungusha ufunguo mara kumi.

Swali: Mwanangu yuko kidato cha pili, shule iko kilomita 9. Baiskeli aliyoibiwa ilikuwa ya marehemu baba yake. Ana siku ya sita hali vizuri, hasemi na mtu, na mjomba wake anamwita mzembe. Nimsaidieje? (Mama, Shinyanga)

Jibu: Pole mama, na mpe pole yake. Mtoto huyu amefiwa mara ya pili kwa kitu kile kile. Kiti alichokalia kilikuwa kimeshachukua umbo la baba yake, na hapo ukimwambia "ni chuma tu, tutanunua kingine" unamfungia mdomo kabisa. Mwambie kwa maneno wazi kwamba aliyeiba ndiye mwenye kosa. Kaka yako mwite pembeni, umwombe kwa heshima aache neno hilo, walau mbele ya mtoto.

Mpe kazi. Yeye ndiye anayeijua baiskeli ile kuliko nyote, kwa hiyo yeye ndiye aandike alama zake kwenye karatasi, aende nawe kituoni, aongozane na mtu mzima kwa mafundi. Asiende peke yake wala na kundi la wenzake, vijana wanne wenye hasira ni hatari kuliko mwizi mmoja. Kama kuna kilichobaki nyumbani, ufunguo, pampu, kengele ya zamani, mkabidhi akitunze. Ikipatikana baiskeli nyingine, kengele hiyo itafungwa huko.

Kwa upande wa shule, kilomita 9 kwa miguu ni karibu saa mbili. Ili awahi itabidi atoke saa kumi na moja alfajiri, gizani, na hilo tusingelishauri kwa mtoto aliye peke yake. Nenda wewe mwenyewe kwa mwalimu wa darasa wiki hii, umweleze, ili asiadhibiwe kwa kuchelewa. Mwulize pia ni wanafunzi gani wanapita njia yenu kwa baiskeli. Keria ya mwenzake, wakipokezana kukanyaga na nyie mkachangia tyubu na viraka, inaweza kuwavusha muhula. Ndugu anayekaa karibu na shule anaweza kumpokea Jumatatu hadi Ijumaa. Mama, huu si wakati wa kuona haya kuomba.

Siku sita za kutokula vizuri zinaeleweka. Zikipita wiki mbili tatu bado halali, hali, hataki shule, au akianza kusema hakuna maana ya kuishi, usingoje. Hilo la mwisho hata akilisema siku ya kwanza, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Swali: Nauza maji kwa baiskeli ya tajiri, madumu sita kwa tripu, namlazia hesabu kila jioni. Imeibwa nikiwa nimeingiza dumu kwa mteja. Tajiri anataka nimlipe bei ya mpya na amenipa wiki mbili. Kuna mtu tayari kunikopesha. (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Kabla ya kukopa, kaeni na tajiri wako mbele ya mwenyekiti wa mtaa, muwe na RB mezani. La kwanza ni mlikubaliana nini baiskeli ikiibwa. Kama hamkuandika, mjadala uwe juu ya thamani yake siku ilipoibwa. Baiskeli iliyobeba maji miaka mitatu, rimu zimeshapinda na bomba la kiti limechomelewa, si mpya, na fundi wa karibu anaweza kutaja bei yake kwa haki. La pili ni kulipa kwa hesabu ya kila siku. Tajiri anahitaji biashara iendelee, na wewe ukikimbia mji hapati kitu. Hilo analijua.

Chukua mfano huu wa namba. Unaingiza 12,000 kwa siku. Ukikodi baiskeli nyingine kwa 3,000 na chakula kikala 4,000, inabaki 5,000. Ukimpa tajiri 3,000 kwa siku sita za wiki, deni la 150,000 linaisha kwa wiki tisa hivi, nawe una 2,000 ya nyumbani. Sasa weka mkopo wa wale wanaoitwa kausha damu: unachukua 150,000, unarudisha 200,000 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya 7,500 kwa kila siku ya kazi, na kwenye mfano wetu hunayo. Wiki ya pili utakopa kwa mwingine kumlipa wa kwanza. Kikoba cha jirani ni afadhali, hata kama utachekwa kikaoni.

Na kwa kuwa utaendelea kuacha baiskeli nje ya milango ya watu, funga mnyororo mfupi kwenye keria, urefu wa kuzunguka fremu na gurudumu. Unafungika kwa sekunde kumi. Madumu yaliyojaa yabaki juu pia yanasaidia: matano ya lita 20 ni kilo 100, hakuna mwizi wa kukimbia nayo.

Swali: Nasoma Utrecht. Baiskeli yangu haipo nje ya stesheni ya treni. Huku wananiambia nizoee, kila mtu huibiwa. (Msomaji, Uholanzi)

Jibu: Kwanza hakikisha imeibwa kweli. Karibu na stesheni za Uholanzi manispaa huondoa baiskeli zilizoegeshwa pasiporuhusiwa au zilizokaa muda mrefu, hukata kufuli na kuzipeleka kwenye bohari yake. Tafuta huko mtandaoni kabla ya kingine. Unalipa ada na kuonyesha ufunguo unaoingia kwenye kufuli lililokatwa. Isipokuwepo, toa taarifa polisi, wao huita aangifte, na hata mtandaoni inawezekana ikiwa humjui aliyeiba. Weka namba ya fremu, kwani bila hiyo baiskeli haiwezi kuonekana kwenye rejista ya wizi ya RDW, mamlaka ya usajili wa magari ya huko, ambayo wanunuzi hupekua. Kama ulikata bima ya baiskeli, tafuta funguo zote mbili za awali, kwa kawaida huzidai zote. Na ile baiskeli ya yuro 15 utakayouziwa kichochoroni usiku, iache. Kuinunua nako ni kosa.

Swali: Baada ya kuibiwa nataka kununua iliyotumika. Nitajuaje kwamba sinunui ya mwenzangu? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Anza chini, pale penye namba. Mahali palipopigwa tupa hung'aa au huwa bapa kuliko pembeni, na rangi yake huwa mpya hata kama fremu nzima ni kuukuu. Baiskeli yote ikiwa imepakwa upya, chunguza kwenye nati za madigadi na chini ya bano la kiti. Mwenye mali anayepaka rangi hufungua vitu kwanza. Mwenye haraka hupuliza juu ya nati, juu ya cheni, hata juu ya matope. Tazama kufuli la nyuma. Likiwa limekatwa, au mashimo ya skrubu zake yapo lakini lenyewe halipo, uliza lilienda wapi.

Halafu mwambie muuzaji apande azunguke kidogo. Mtu huweka kiti cha baiskeli yake kwa urefu wa miguu yake. Akining'inia na kukanyaga kwa ncha za vidole, na anasema ameitumia miaka minne, una haki ya kuuliza zaidi. Mwulize tatizo lake ni nini. Mwenye baiskeli hataacha kukwambia kwamba breki ya mbele inalia mvua ikinyesha au cheni inaruka ukipanda mlima, na ukiijaribu utakuta ni kweli.

Mkikubaliana, andikianeni kwenye ofisi ya serikali ya mtaa: majina, namba za vitambulisho, namba ya fremu, alama mbili, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, sahihi za mashahidi wawili. Piga picha muuzaji akiwa ameshika usukani. Akikataa kupigwa picha, mwachie na bei yake nzuri.